Mtoto Aliyemzidi Baba Umri

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Mombo, kwenye njia panda ya kwenda Lushoto. Basi la Arusha au la Dar es Salaam likisimama, wauza matunda hukimbilia madirishani na vijana wa pikipiki huwania abiria wa kupanda Soni. Basi likishaondoka, kijiwe hurudia mazungumzo yake: mpira, bei ya mafuta, siasa, na dini, tena dini kwa kina kuliko wakazi wa miji mikubwa wanavyodhani. Mombo ina misikiti na makanisa, na kijiwe kile nacho ni hivyohivyo. Vijana wale hufuturu pamoja, hula pilau la Krismasi pamoja, na hubishana pamoja.

Jioni moja mwaka jana alikuja nyumbani. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, karibu ndani." Akakaa bila kuvua koti lake la pikipiki, nikajua ana jambo. Akatoa risiti ya mafuta iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake kulikuwa na hesabu kwa kalamu ya bluu. Yehoramu mfalme wa Yuda alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Jumla 40. Akarithiwa na mwanawe Ahazia. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22, kinasema Ahazia alipotawazwa alikuwa na miaka 42.

"Mjomba, mtoto kamzidi baba yake miaka miwili. Na sura hiyohiyo inasema alikuwa kitinda mimba, wakubwa zake wote walishauawa."

Hesabu ile alipewa na rafiki yake Mwislamu wa kijiwe kilekile, naye aliipata kwenye mhadhara. Mpwa wangu alikuwa ameipeleka kwanza kwa mtumishi mmoja wa kanisa, akaambiwa kwamba maswali ya namna ile humtoka Ibilisi, aende akaombe. Akaenda, akaomba. Alipofungua tena Biblia, Ahazia bado alikuwa na miaka 42. Tangu siku ile hakukanyaga kanisani, na miezi mitatu ilikuwa imepita bila mama yake kujua sababu.

Nikavaa miwani, nikafungua Biblia, tukapiga hesabu upya, mstari kwa mstari. "Ni kweli," nikamwambia. "Hesabu yako haina kosa. Kosa limo kitabuni." Akaniangalia kama mtu aliyekaza bega ili asukume mlango, akakuta uko wazi.

Naandika makala hii kwa sababu ya uso ule. Vijana wengi wa Usambara na Tanga nzima wamebeba karatasi kama ile mifukoni. Wanaowaondoa kanisani si hao wanaowauliza maswali kijiweni. Ni sisi, tunaowaambia kwamba maswali hayapo.

Baada ya kumkubalia nikamfungulia kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 8. Pale Ahazia huyohuyo ana miaka 22, umri unaoingia akilini. Tafsiri ya kale ya Kisiria nayo, hata ikifika kwenye Mambo ya Nyakati, inasema 22. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inasema 20. Kwa hiyo mahali fulani, karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza cha kuchapa vitabu, mkono wa mnakili mmoja wa Kiebrania uliteleza, na nakala zilizotokana na yake zikarithi mtelezo huo. Mimi huguswa zaidi na kilichofuata. Wanakili wa Kiyahudi wa baadaye walikuwa na desturi ya kuhesabu hata herufi za kitabu. Walijua kujumlisha 32 na 8 kama mpwa wangu anavyojua. Waliiona 42, wakaelewa haiwezekani, na hawakuifuta. Waliandika walichopokea. Mtu anayetaka kudanganya husawazisha hesabu kwanza.

Akaniuliza: kama mkono uliteleza hapo, nitajuaje haukuteleza kwingine? Swali la haki. Nikamkumbusha kisa cha kwaya yetu.

Nilipokuwa kijana, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiandika nyimbo zake ubaoni, nasi tunanakili kwenye madaftari, kila mtu lake. Alipohamishwa akaondoka na daftari lake, na baada ya muda tukasikia limeteketea. Tukaamua kuukusanya upya wimbo mmoja mrefu aliotutungia, beti 14. Madaftari karibu 30 yakaja mezani. Hakuna hata moja lililokuwa safi. Huyu karuka mstari, yule kaandika neno mara mbili, mwingine kaweka neno alilolipenda kuliko la mwalimu. Lakini makosa hayakuwa mamoja. Palipokosewa na mmoja, wenzake walipasahihisha. Kulikuwa na madaftari matatu yenye kosa lilelile mahali palepale, tukashangaa, mpaka mtu akakumbuka kwamba wasichana wale watatu walikaa benchi moja wakinakiliana. Basi hesabu yao ikawa sauti moja, hazikuwa tatu. Kabla jua halijazama wimbo ulikuwa umesimama, isipokuwa maneno mawili katika ubeti wa tisa ambayo mpaka leo tunayaimba kwa namna mbili.

Wataalamu wa hati za kale hufanya kazi hiyohiyo. Nakala za Agano Jipya za Kiyunani zilizoandikwa kwa mkono ni zaidi ya 5,000, nyingine nzima, nyingi vipande. Tofauti kati yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mhubiri wa mhadhara hulitangaza jambo hilo kana kwamba ni ufunuo wa siri, na Mkristo husikia kizunguzungu. Nyingi ya tofauti hizo ni tahajia, mpangilio wa maneno, neno lililorukwa. Wingi wa madaftari ndio unaozizalisha, na wingi huohuo ndio unaotuwezesha kuziona. Ukiwa na daftari moja tu, huna tofauti hata moja, wala huna njia ya kujua lilikosea wapi.

Mwaka 1947 mchunga mbuzi Mbedui aliingia pangoni karibu na Bahari ya Chumvi, mahali paitwapo Kumrani, akakuta mitungi yenye magombo. Mojawapo lilikuwa la nabii Isaya, zima, ngozi zilizoshonwa pamoja kwa urefu wa zaidi ya mita 7. Nakala kamili kongwe ya Biblia ya Kiebrania iliyokuwa ikitumiwa na wasomi ilikuwa ya mwaka 1008. Gombo lile liliitangulia kwa miaka kama elfu moja. Walipoyalinganisha, walikuta tahajia zinatofautiana sana, maneno kadhaa yamebadilika, na kitabu ni kilekile.

Wahubiri wetu wengi wakifika hapo hufunga maelezo, watu wakaitikia amina. Lakini mapango yaleyale ya Kumrani yalitoa pia vipande vya Yeremia vya Kiebrania vinavyofuata matini fupi, ile ambayo tafsiri ya kale ya Kiyunani ilitegemea, na matini hiyo ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, tena na sura nyingine zikiwa zimepangwa tofauti. Maana yake Yeremia alikuwa akisomwa kwa miundo miwili wakati mmoja. Nilimweleza mpwa wangu yote mawili usiku uleule. Ukimpa kijana Isaya ukamficha Yeremia, siku atakapompata Yeremia kwenye simu yake hatakuamini tena hata juu ya Isaya.

Na simu anayo. Nakala kubwa ya Biblia ya Kiyunani ya karne ya 4, iliyotoka monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, sehemu yake kubwa iko London, ikiwa imenunuliwa kutoka serikali ya Kisovieti mwaka 1933. Tangu mwaka 2009 picha za kurasa zake ziko kwenye intaneti, bure. Tulizifungua mezani pale, kwa bando la kijana wa bodaboda. Nikamwonyesha mwisho wa Injili ya Marko. Katika nakala ile, na katika ile nyingine kongwe iliyoko Vatikani, Injili inakoma kwenye sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Mistari 12 inayofuata, pamoja na habari za kushika nyoka na kunywa vitu vya kufisha, haimo. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika zinaa, kile cha Injili ya Yohana ambacho binafsi nakipenda kuliko visa vingi vya Maandiko, nacho hakimo katika nakala hizo mbili. Biblia kadhaa za siku hizi hutia mabano au tanbihi. Ni mara ngapi, kwenye mafundisho ya kipaimara, mwanafunzi ameonyeshwa mabano yale na kuelezwa yako pale kwa nini? Mimi sikuonyeshwa. Niliyaona mwenyewe nikiwa mtu mzima, na nakumbuka hasira niliyokuwa nayo, hasira ya mtu aliyefichwa jambo la nyumbani kwao.

Kuna shaka nyingine inayosikika sana kwetu, ya wingi wa tafsiri. "Biblia zenu ngapi? Kila mwaka mnatoa mpya." Kwa mtu wa Usambara jibu liko karibu sana, kwa sababu milima hii imo ndani ya historia ya Biblia ya Kiswahili.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mtawala Kimweri mwaka 1848, akarudi tena 1852. Alikuwa tayari ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, na aliyemsaidia kwa lugha alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, mwenyeji wa Barawa aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Natamani kila mtu anayeshika kipaza sauti uwanjani, wa upande wowote, alijue jambo hilo: mstari wa kwanza wa Biblia uliopata kuandikwa kwa Kiswahili ulipita katika masikio ya kadhi. Biblia nzima ya Kiunguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake, ilitoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya Steere kufariki. Mwaka huohuo wamisionari wa Kijerumani wa misheni ya Betheli walifika Mlalo. Agano Jipya la Kisambaa likatoka mwaka 1908, na Biblia nzima ya Kimvita ikatoka 1914.

Kisha akaja Karl Roehl. Alikuwa mmisionari wa Betheli huku Usambara, akaijua lugha yetu kiasi cha kuandika sarufi ya Kisambaa iliyotoka mwaka 1911. Baadaye akatafsiri Biblia kwa Kiswahili: Agano Jipya mwaka 1930, Biblia nzima mwaka 1937, ikachapwa Stuttgart. Roehl aliamini kwamba Kiswahili kimejaa mno Kiarabu na kwamba mtu wa bara angeelewa zaidi maneno yenye asili ya Kibantu, basi akayapunguza ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Canon Broomfield wa misheni ya UMCA akampinga waziwazi mwaka 1931, akisema kwamba maneno yale ni ya Kiswahili tayari na kuyang'oa ni kuibomoa lugha. Katika jambo hilo mimi nasimama na Broomfield. Imani, dhambi, sala, sadaka, rehema: maneno haya mama zetu wa Kikristo na wa Kiislamu wameyatumia pamoja kwenye misiba na kwenye arusi, na sioni kwa nini Biblia iyaonee haya. Lakini babu yangu alijifunza kusoma kwa Biblia ya Roehl, akafa ikiwa kwenye sanduku lake pamoja na shuka na hati ya shamba, na siwezi kumsema vibaya mtu aliyempa babu yangu kitabu.

Kisha ikaundwa kamati, na kamati ikazaa Biblia ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekuzwa nayo, iliyojaribu kuwapatanisha Unguja na Mvita. Baadaye ikaja Habari Njema, Agano Jipya mwaka 1977 na Biblia nzima mwaka 1996, kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Ukiziweka zote mezani utaona Roehl na Broomfield waligombana juu ya neno gani la Kiswahili libebe maana. Juu ya nani alisulubiwa, chini ya liwali gani, katika mji upi, hawakuwa na ugomvi. Anayesema Biblia hubadilishwa kila mara inapotafsiriwa upya nimwombe aketi na hizo tatu, Roehl, ya 1952 na Habari Njema, asome sura moja ya Luka katika kila moja. Ni kazi ya nusu saa.

Kwa mihadhara yenyewe nina machungu ya zamani. Nilikuwa kijana ilipopamba moto, miaka ya 1980 na 1990, wakati kanda na vitabu vya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini vilipokuwa vikizunguka pwani yote na wahubiri wa mlingano wa dini wakisimama viwanjani na Biblia mkononi. Upande wetu nao ukajibu kwa mikutano yake na vipaza sauti vyake. Nilihudhuria ya pande zote mbili. Sikumbuki hata mara moja mtu akisema "hapo ndugu yangu umenishinda, nipe wiki nikasome." Hilo haliwezi kusemwa mbele ya watu elfu wanaopiga makofi. Shaka ya kweli huhitaji kiti na chai na mtu asiye na haraka. Uwanjani mwenye shaka hugeuzwa kuwa fimbo ya kupigia upande wa pili.

Sasa niliseme jambo ambalo watetezi wenzangu wa Biblia hulirukia haraka mno. Madaftari ya kwaya yalitupa wimbo wa mwalimu. Hayakutuambia kama mwalimu aliyoyaimba yalitokea. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba Injili imetufikia karibu kama ilivyoandikwa, na bado mwenye shaka akabaki na haki ya kuuliza: aliyeiandika alijuaje?

Hapa nilimrudisha mpwa wangu kwa Mbegha. Kila mtoto wa Usambara anamjua: mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyekuwa kigego, mtoto aliyedhaniwa kuleta nuksi, ndugu zake wakamfukuza, akaja milimani akiwagawia watu nyama, akaua simba, wakamfanya mtawala, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Yeye alikuwa Mwislamu, na kitabu chake kilichapwa kwanza na misheni ya Kikristo ya UMCA kule Magila. Kadhi alimsaidia mmisionari kwa kitabu cha Mwanzo, misheni ikachapa historia ya Mwislamu. Miaka ya 1960 mwanahistoria Steven Feierman alizunguka milima hii akiwasikiliza wazee, na katika kitabu chake cha mwaka 1974 alionyesha jinsi masimulizi ya Mbegha yanavyotofautiana kutoka mahali hadi mahali, na jinsi sehemu zake zilivyofinyangwa ili zieleze utawala ni kitu gani: nyama na nafaka, msitu na kijiji, simba na mfalme.

Hakuna mzee anayetupa habari za Wakilindi kwa sababu jirani yake husimulia kwa namna nyingine. Wala hakuna mzee mwenye akili anayezimeza zote bila kutafuna. Tunajua Kimweri alikuwepo, kwa sababu Krapf alikaa naye. Tunajua simba wa Mbegha ana kazi kubwa katika masimulizi kuliko ya mnyama tu. Masikio hayo tunayo, tumezaliwa nayo. Kwa nini tukifungua Biblia tunayavua? Ndani yake mna orodha za wafalme, mna nyimbo, mna mafumbo, mna sheria, mna barua za mtu aliyefungwa gerezani. Kuuliza wimbo wa uumbaji maswali ya kitabu cha jiolojia ni kuuonea wimbo, na kuionea jiolojia pia.

Sikumwacha aishie hapo, maana ufufuo wa Yesu hauwezi kusomwa kama simba wa Mbegha. Paulo mwenyewe anawaambia Wakorintho kwamba kama jambo hilo halikutokea, imani yao ni bure. Barua ile iliandikwa yapata mwaka 55, miaka kama 25 hivi baada ya kusulubiwa, na ndani yake anataja waliomwona, akisema wengi wao bado wako hai. Miaka 25 ni kama kutoka kifo cha Mwalimu Nyerere mpaka sasa. Oktoba 14, 1999: kila mtu wa umri wangu anakumbuka alikuwa wapi. Mimi nilikuwa shambani, shemeji yangu anaapa tulikuwa wote sokoni Mombo. Tumebishana miaka yote. Lakini akitokea mtu leo aseme Mwalimu alizikwa Dodoma, kijiwe kizima kitamwambia Butiama. Injili ya Marko wasomi wengi huiweka karibu na mwaka 70, miaka 40 baada ya matukio. Huo ni umbali kama wetu na ajali iliyomuua Waziri Mkuu Sokoine pale Dakawa, Aprili 12, 1984. Na hapo mpwa wangu akanibana vizuri: "Lakini mjomba, kuhusu Sokoine watu wanasema mengi." Ni kweli, wanasema mengi. Miaka 40 hutosha kiini kikabaki, na hutosha maneno kuota pembeni. Na kifo ni jambo la kila siku, ilhali maiti kufufuka si la kila siku, kwa hiyo anayedai ushahidi mzito zaidi hadai kwa kiburi. Sikuweza kumpa hesabu ya kulimaliza. Nilimpa sababu yangu: kwamba habari hizi zilibebwa na watu walioacha ndani yake aibu yao wenyewe, Petro akimkana bwana wake mbele ya kijakazi, wanafunzi wakitimua mbio, wanawake wakiwa wa kwanza kaburini katika jamii ambayo ushahidi wa mwanamke haukuwa na uzito mkubwa. Mimi hilo hunitosha kuanzia. Yeye alisema atalifikiria.

Jumapili iliyofuata, alasiri, pikipiki ilisimama uani na walishuka wawili. Rafiki yake alinisalimu kwa adabu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema wazi kwamba hesabu ya Ahazia ni yake na kwamba amesikia nimeikubali. Alikuwa na jingine.

"Mzee, kwetu hadithi ya Mtume haipokelewi bila isnadi. Fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na kila mmoja anajulikana alikuwa mtu gani. Hii Injili ya Mathayo, nani aliipokea kwa nani?"

Nikamwambia kwamba Injili zote nne, ndani ya maandishi yake, hazitaji jina la mwandishi kama barua za Paulo zinavyotaja. Majina yako kwenye vichwa na kwenye mapokeo. Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya 2, alisema Marko aliandika aliyoyakumbuka kutoka kwa Petro, na maneno ya Papia tunayo kwa sababu Eusebio aliyanukuu karne mbili baadaye. Ireneo, yapata mwaka 180, anawataja wote wanne kwa majina, naye katika ujana wake alimsikia Polikarpo, ambaye, kwa masimulizi ya Ireneo huyohuyo, alimjua Yohana.

Akahesabu kwa vidole. "Yohana, Polikarpo, Ireneo. Hapo ipo."

"Ipo kwa Yohana. Kwa Mathayo ina pete zilizokatika."

"Basi kwa kipimo chetu ni dhaifu."

"Kwa kipimo chenu, ndiyo, mngeiita dhaifu."

Mpwa wangu alikuwa akinitazama muda wote huo, nikahisi kwamba anangoja nijitetee kwa kumrudishia mwenzake swali kuhusu kitabu chake. Sikufanya hivyo. Alikuja kuuliza juu ya changu, nyumbani kwangu, na alikuwa amevua viatu mlangoni. Nilimweleza tu kwamba kanisa la kwanza halikuwa na elimu ya isnadi, lilikuwa na desturi ya kusoma kitabu hadharani katika miji mingi kwa wakati mmoja, Antiokia, Roma, Aleksandria, na kwamba mtu wa Antiokia hakuweza kubadilisha kitabu bila wa Roma kuuliza. Akasema hiyo ni kinga ya aina nyingine, si isnadi. Nikasema ndivyo. Mpwa wangu akatoa risiti nyingine ya mafuta, akaandika majina matatu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka bondeni. Kijana yule akaomba maji. Mpwa wangu akamletea kopo na kumwonyesha mahali pa kuswalia barazani, mke wangu akafunika chai isipoe. Tulikaa kimya tukimngoja. Mpwa wangu bado haji kanisani kila Jumapili, na jioni ile sikumwuliza.

Rafiki yake aliporudi alikaa kiti kizima, akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Sasa mzee," akasema, "tuje kwa Yuda. Mathayo anasema alijinyonga, Matendo inasema alianguka akapasuka. Tuanze na ipi?"